Joto la Kuazima

Yai lenye mbegu hubeba karibu kila kitu ambacho kifaranga atahitaji kabla ya kutoka. Chakula kimo katika kiini, maji yamo katika ute, na chokaa ya kujengea mifupa huchotwa kwenye ganda lenyewe kadiri siku zinavyosonga. Hata oksijeni hujiingiza bila msaada, kupitia vinyweleo elfu kadhaa vilivyotawanyika juu ya ganda. Kinachokosekana ni joto. Mwanzoni yai haliwezi kujitengenezea joto la maana, na linapoanza kulitengeneza huwa limekaribia kupasuka. Katikati ya hapo, kwa siku 21 ikiwa ni la kuku na 17 au 18 ikiwa ni la kware wa Kijapani, sharti liazime joto la mwili mwingine, au la kitu kinachojifanya mwili.

Kamere ni mahali pa ajabu pa kulitafutia joto hilo. Mji huu mdogo wa ploti za mabati, ambao wakazi wake wengi huvuna na kufunga maua mashambani, uko kusini mwa Ziwa Naivasha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900. Mchana bati hupata moto mpaka chumba hakikaliki. Usiku, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, joto la nje linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Si mbali na hapo, Olkaria, mvuke wa ardhini umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu 1981, na leo jotoardhi hutoa karibu nusu ya umeme wa Kenya. Shamba jirani la Oserian lilianza mwaka 2003 kutumia joto hilohilo kupasha vibanda vya waridi, ili kukausha unyevu wa usiku unaoleta ukungu kwenye majani. Kwa muda basi waridi za upande huu wa ziwa zililala mahali penye joto kuliko vifaranga wa upande huuhuu. Yuko ndege mmoja, maleo wa kisiwa cha Sulawesi nchini Indonesia, ambaye hufukia mayai yake katika udongo unaopashwa na jotoardhi, kisha huenda zake asirudi. Kuku na kware hawana ujanja huo, na bomba la mvuke halipiti ndani ya ploti.

Joto la kwanza, na hadi leo lililo rahisi kuliko yote, ni la kuku wa kienyeji anayelalia. Siku zake zinapofika, homoni hubadilika mwilini, huacha kutaga, manyoya ya tumbo hupukutika na kuacha ngozi tupu iliyojaa mishipa ya damu. Mwili wake una nyuzi 41 hivi. Yai lililogusana na ngozi ile hukaa karibu na nyuzi 37 na nusu, kiwango ambacho kila mashine ya kuangulia hujitahidi kukiiga. Kuku hushuka kiotani mara moja au mbili kwa siku, anakula, anakunywa, ananya, kisha anarudi kabla mayai hayajapoa kupita kiasi. Huyageuza kwa mdomo mchana na usiku, na ya pembeni huyasogeza katikati. Kazi ya mfugaji hapa ni ndogo: kiota cha nyasi kavu kilichonyunyizwa majivu ili chawa na utitiri wasimkimbize, mahali penye giza kiasi na pasipo na mbwa wala watoto, maji na nafaka karibu, na mayai 10 hadi 13, yote ya kuanza siku moja.

Kuku huyo anaweza kulalia hata mayai ya kware. Kwa kuwa kila moja lina gramu 10 hadi 12 tu, mtetea mwenye umbo dogo anaweza kufunika 20 au zaidi. Mzito huyavunja. Wanaochanganya mayai ya aina mbili chini ya kuku mmoja siku moja hupata hasara inayotabirika: kware hutoka siku ya 17 au 18, kuku anasikia milio, anasimama kwenda kulea, na mayai yake mwenyewe yanapoa yakiwa yamebakiza siku 3. Dawa ni kuyachelewesha ya kware kwa siku 3 au 4. Hata hivyo, baadhi ya kuku humdonoa kifaranga wa gramu 7 mwenye mistari asiyefanana na wale anaowajua. Kumpa kuku kware ni kubahatisha tabia ya kuku mmoja mmoja, na tabia hiyo haijulikani mpaka siku yenyewe.

Joto la kuku lina bei. Wiki 3 za kulalia na miezi karibu 2 ya kulea ni muda ambao hatagi hata yai moja, na akiwa nje na watoto wake mwewe na paka wana haki yao. Ndiyo sababu watafiti na wafugaji walipoanza kuwachagua kuku wa kienyeji kwa wingi wa mayai, jambo la kwanza kupungua lilikuwa hamu ya kulalia. Vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, ambao kituo cha utafiti cha Naivasha kiliwasambaza tangu kikiitwa KARI, kabla ya kuwa sehemu ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, hukua na kuwa mitetea watagao zaidi ya maradufu ya kuku wa kijijini. Wengi wao hawalalii, au hulalia siku chache wakaondoka. Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, nacho kimekuwa na mpango wake wa kuwaboresha kuku hao. Kila hatua ya uboreshaji humwondolea ndege sehemu ya kazi ya kutoa joto na kuiweka mikononi mwa mtu.

Kware wa Kijapani amekwenda mwisho wa njia hiyo. Kware wa porini wa Afrika Mashariki, wale wanaofuata mvua na ambao Wajaluo wamewanasa tangu zamani kwa kutundika vizimbani wenzao waliao, hujenga kiota chini ya nyasi na kulalia wenyewe kama ndege yeyote. Yule wa Kijapani, baada ya vizazi vingi vya kufugwa, huanza kutaga akiwa na wiki 6 au 7 na kuendelea karibu kila siku. Hudondosha yai popote aliposimama na kupita. Asipokuwepo kuku au mashine, ukoo wake unakwisha.

Wakenya walimjua ndege huyu kwa haraka na kwa uchungu. Mwishoni mwa 2013 mayai ya kware yalisifiwa kuwa tiba ya karibu kila ugonjwa, na yai moja likafika shilingi 100 mahali pengine. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilidai leseni kwa kuwa kware walihesabiwa miongoni mwa ndege wa porini. Watu walipanga foleni ya leseni, wakanunua mashine, wakaangua. Kwa kuwa kware mmoja anafikia kutaga chini ya miezi 2, idadi ilipanda kwa kasi ambayo hakuna soko la chakula lingeweza kuimeza, na mwaka 2014 bei ikaporomoka hadi shilingi chache. Kwa hakika ile ilikuwa biashara ya wafugaji kuuziana mbegu, na mlaji hakuwahi kuwa na hamu hiyo. Zilizobaki ni mashine, nyingine zikiwa zimefungwa gunia juu ya kabati hadi leo, na nyingine baadaye zilianza kuangua mayai ya kuku.

Kabla ya mashine kuna yai lenyewe. Linafaa likiwa safi bila kuoshwa, lenye umbo la kawaida, lisilo na ufa, na lisilozidi siku 7 tangu kutagwa. Huhifadhiwa ncha nyembamba ikiwa chini, kwenye nyuzi 15 hadi 18. Usiku wa Kamere hutoa baridi hiyo bure; mchana ndio adui. Kiinitete huanza kukua polepole joto likipita nyuzi 20 na kidogo, na chumba cha mabati saa nane mchana huwa kimepita hapo zamani. Yai lililowekwa juu ya kabati karibu na bati huanza kukua mchana, husimama usiku, huanza tena kesho yake, na baada ya siku kadhaa za kuanza na kusimama kiinitete hufa kabla hata ya kuingia mashineni. Baadaye mwenye mayai hulaumu jogoo. Sakafu ya saruji, chini ya kitanda, ndani ya boksi lililofunikwa kitambaa kibichi, ni mahali bora kuliko kabati lolote.

Mashine ya kuangulia ni kasha lililozuiliwa joto lisitoke, lenye kitu cha kupasha, kidhibiti cha joto, maji, na kwa kawaida feni. Zenye feni huwekwa nyuzi 37.5. Zisizo na feni hupimwa usawa wa juu wa mayai na kuwekwa nyuzi 38.5 hivi, kwa kuwa hewa ya chini hubaki baridi. Kosa la kuzidisha ni baya kuliko kosa la kupunguza. Joto likipungua kidogo vifaranga huchelewa na kutoka wazito wenye matumbo makubwa. Likizidi hutoka mapema, wadogo, na vitovu visivyofunga, na likikaa juu ya nyuzi 40 kwa muda mrefu huweza kuwaua. Kipimajoto cha pili, tena kizuri, kina thamani kuliko mapambo yote ya mashine, maana namba inayowaka kwenye kioo cha mashine ya bei rahisi mara nyingi husema uongo wa nyuzi moja. Katika tanuri za udongo za Misri, zilizoangua maelfu ya mayai kwa mkupuo mmoja karne nyingi kabla ya umeme, mafundi waliweka yai kwenye kope la jicho na kujua kwa ngozi kama limezidi au limepungua. Njia hiyo bado inafanya kazi, na haihitaji betri.

Unyevu ndio unaowashinda wengi wa nyanda za juu. Vitabu na karatasi za maelekezo zinazokuja na mashine huandikwa kana kwamba kila mtu anaishi karibu na bahari: unyevu wa asilimia 50 hadi 55 mpaka siku 3 za mwisho, kisha 65 hadi 70. Katika mwinuko wa Kamere kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano, na mvuke wa maji hupenya vinyweleo vya ganda kwa kasi zaidi. Kipimo kilekile kinachofaa Malindi hukausha yai la Naivasha, hasa Januari na Februari ambapo hewa yenyewe imekauka. Kifaranga aliyekaushwa hufika siku ya mwisho akiwa amegandamana na utando, na hufa mdomo ukiwa nje. Mwili wa kuku una jibu lake, kwani kuku wanaoishi mahali pa juu hutaga mayai yenye kupitisha mvuke kwa uchache zaidi. Mayai ya kuku wa hapohapo kwa hiyo huvumilia kuliko yaliyosafirishwa kutoka Pwani.

Badala ya kubishana na kipimaunyevu, ambacho ndicho kifaa kinachodanganya kuliko vyote, ni afadhali kupima uzito. Yai la kuku linapaswa kupoteza karibu asilimia 12 ya uzito wake kufikia siku ya 18. La gramu 60 libaki na 53 hivi. Mzani wa jikoni unatosha, na trei nzima inaweza kupimwa kwa pamoja. Likipoteza haraka, sahani ya maji huongezwa upana, si kina, maana mvuke hutoka juu ya maji tu. Maji ya visima vya eneo hili yana chumvi na floraidi nyingi na huacha ukoko mweupe kila mahali. Ya mvua ni bora. Matundu ya hewa hayazibwi hata siku moja kwa ajili ya kutunza unyevu. Hewa ya juu tayari ina oksijeni kidogo, na vifaranga wa siku za mwisho huivuta kwa wingi.

Mayai hugeuzwa angalau mara 3 kwa siku, na ni vizuri idadi iwe witiri ili upande uliolala usiku mmoja usilale tena usiku unaofuata. Bila kugeuzwa kiinitete hugandamana na utando wa ganda na mishipa yake haitandazi inavyotakiwa. Kwa mtu anayetoka alfajiri kwenda shambani na kurudi jioni, kugeuza ndiyo kazi inayoamua kati ya mashine ya kujigeuza na ya mkono. Kugeuza huachwa siku ya 18 kwa kuku na ya 14 au 15 kwa kware.

Kisha umeme. Mashine ya mayai 50 hula kidogo na tokeni hazitishi. Kinachotisha ni kukatika. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikazima. Agosti 25, 2023 giza liliingia tena karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa hivyo kwa saa nyingi. Mtu akiwa na mayai mashineni huona saa kama hizo kwa jicho jingine. Lakini kiinitete ni kigumu kuliko hofu ya mwenyewe. Katika wiki ya kwanza na ya pili huvumilia saa kadhaa za kupoa, na adhabu huwa kuchelewa kutoka kwa nusu siku au siku moja. La kufanya ni kutofungua mashine, kuifunika blanketi bila kuziba matundu, na kuweka chupa za maji moto pembeni ikiwa kuna nafasi. Wiki ya mwisho hesabu hubadilika: mayai yenyewe yanatoa joto, na trei iliyojaa, feni ikiwa imesimama, inaweza kuungua na kukosa hewa kabla ya kupoa. Hapo kifuniko hufunguliwa kidogo.

Kuyapima mayai kwa mwanga hufanywa usiku wa siku ya 7 na wa 14. Tochi ya simu ikizibwa kwa karatasi yenye tundu dogo hutosha. Yai lililo hai huonyesha doa jeusi lenye mishipa inayotawanyika. Lisilo na mbegu huwa angavu tupu. Lililokufa lina pete ya damu. Mayai ya kware yana madoa meusi ya ganda yanayoficha kila kitu, na anayeanza anashauriwa kuyaacha yalivyo mpaka apate jicho. Yanayotupwa ni muhimu kutupwa, kwa kuwa yai viza likipasuka ndani ya joto lile huchafua trei nzima.

Siku mbili za mwisho ndizo zenye mengi, na ndizo ambazo mtu ana machache ya kufanya. Karibu siku ya 19 kifaranga wa kuku hutoboa utando wa ndani na kuingiza mdomo katika mfuko wa hewa, upande mnene wa yai. Hapo anavuta pumzi ya kwanza kwa mapafu. Mabaki ya kiini huvutwa ndani ya tumbo, damu iliyokuwa kwenye utando hurudi mwilini, na kwa kijinundu kigumu kilicho juu ya mdomo anapasua ganda. Kisha anatulia. Utulivu huo unaweza kuchukua saa 12, pengine 24, na ndio unaowaponza wasio na subira: wanambandua kwa ukucha, damu inatoka kwenye mishipa ambayo haijafunga, na kifaranga aliyekuwa akipumzika anakufa. Akiwa tayari huzunguka ndani ya yai akikata duara, na kofia ya ganda inaachia.

Ndani ya mayai kuna mazungumzo wakati huo. Mwanasayansi Margaret Vince wa Cambridge alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba viinitete vya kware hutoa mlio wa kugongagonga unapokaribia muda wa kutoka, na kwamba mayai yanayogusana husikizana: walio nyuma huharakisha, walio mbele hungojea kidogo, hata kiota kizima hutoka ndani ya saa chache. Kwa mama wa porini hilo ni jambo la uhai, maana hawezi kuondoka na nusu ya watoto. Mashineni maana yake ni ya kawaida zaidi: mayai ya kware yaachwe yagusane, yasitenganishwe katika vijumba vya trei siku 3 za mwisho.

Vitu vingine ambavyo kifaranga hupata bila kuhesabiwa hubainika vinapokosekana. Mwaka 1990 kware waliangulika katika kituo cha anga cha Mir, wakiwa na joto na hewa waliyohitaji. Walitoka salama, lakini pasipo na chini wala juu hawakuweza kushika mahali na kula, na hawakuishi muda mrefu. Duniani uzito ni wa bure, ila sakafu si ya bure. Kifaranga aliyewekwa juu ya gazeti huteleza, miguu inapanuka pembeni, na ndani ya siku 2 hawezi tena kusimama. Gunia au kitambaa kikavu kwa siku za kwanza, kisha maranda, huondoa tatizo zima.

Baada ya kutoka, vifaranga huachwa mashineni mpaka wakauke. Hawana haraka ya kula. Kiini kilichobaki tumboni huwalisha kwa siku 2 au 3, na ndiyo sababu kifaranga wa siku moja anaweza kusafirishwa kwa matatu ndani ya boksi lenye matundu na kufika akiwa hai. Wasichoweza ni kujipasha. Mwili wa kifaranga wa kuku hauwezi kutunza joto lake kikamilifu kwa wiki karibu 2, na wa kware, mwenye ngozi nyingi kwa nyama kidogo, hupoteza joto kwa kasi zaidi. Kwa hiyo joto lililoazimwa kwa yai linaendelea kuazimwa kwa ndege. Kuku huanza kwenye nyuzi 33 hadi 35 chini ya taa, kware 37 hivi, na kila wiki hupunguzwa nyuzi 2 au 3. Kipimajoto kizuri hapa ni vifaranga wenyewe. Wakirundikana wakilia kwa sauti kali wana baridi. Wakikimbilia kingo na kupanua mabawa wanaungua. Wakisambaa, wengine wakila na wengine wamelala ovyo huku wakitoa mlio mdogo wa chini kwa chini, wameridhika. Ukuta wa mahali pao uwe wa mviringo, maana kwenye pembe za boksi ndiko wanakorundikana na kufa waliobanwa chini.

Chanzo cha joto hilo katika chumba kimoja cha kupanga ni suala zito. Balbu ni safi ila hutegemea waya. Kasha la nyasi, ambalo wataalamu wa kilimo nchini wamelieneza kwa miaka mingi, halihitaji kitu: boksi la ubao lililojazwa nyasi kavu pande zote, shimo katikati, gunia juu, na vifaranga 30 au 40 hupashana wao kwa wao usiku kucha. Linafaa sana kwa vifaranga wa kuku waliopita siku za mwanzo, na mchana wa Kamere hulisaidia. Kware wa wiki ya kwanza hawatoshi kujipasha hivyo, ila wakiongezewa chupa za maji moto zilizofungwa kitambaa na kubadilishwa kila zinapopoa.

Jiko la makaa ndilo linalotumika kuliko yote, na ndilo hatari kuliko yote. Makaa yaliyofunikwa majivu hukaa na moto hadi asubuhi, lakini hutoa kaboni monoksidi isiyo na harufu wala moshi, na chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi hujaa taratibu. Vifaranga waliolala usawa wa sakafu na watu waliolala kitandani hufa kwa gesi moja. Hakuna idadi ya vifaranga inayostahili jiko ndani ya chumba wanamolala watu, na kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutosha. Asiye na umeme wa kutegemewa aangue Septemba au Oktoba, baridi ikiwa imepungua, wala asiangue Juni.

Kware na kuku hawalelewi pamoja ingawa wanaweza kuangulika pamoja. Kifaranga wa kuku wa gramu 35 humkanyaga mwenzake wa gramu 7 bila nia mbaya. Kware huzama kwenye kifuniko cha maji chenye kina cha kidole, kwa hiyo kokoto safi hujazwa ndani na maji yabaki katikati ya mawe. Hupenya tundu lolote la ukubwa wa kidole gumba, na kufikia wiki ya pili huruka juu, hivyo wavu unahitajika. Hata chakula ni tofauti: kuku anatosheka na chakula cha vifaranga chenye protini ya asilimia 18 hadi 20, kware huhitaji 24 au zaidi. Maduka ya agroveti huwa na cha kuku wa nyama, ambacho kikisagwa laini na kuongezwa omena iliyosagwa hukaribia. Mahindi yenye kuvu hayaongezwi kamwe, hata yawe ya bure. Sumu yake huwaua wadogo kwanza.

Magonjwa ya wiki za mwanzo mengi hutokana na maranda mabichi. Koksidia, vimelea vinavyosababisha kuhara damu, vinahitaji unyevu ili kukomaa, na mahali pa maji ndipo pa kwanza kubadilishwa maranda. Chanjo ni shida ya wafugaji wadogo kwa sababu isiyo ya kitabibu: chupa ya Gumboro au ya Newcastle hutengenezwa kwa vifaranga wengi kuliko alionao mtu wa ploti, na ikishachanganywa na maji hutumika ndani ya saa chache. Majirani 4 au 5 wanaopanga kuangua wiki moja hununua chupa moja na kugawana asubuhi ileile. Chanjo ya Marek ni ya sindano ya siku ya kwanza na hutolewa kwenye viwanda vya vifaranga. Walioangulika nyumbani kwa kawaida huikosa, na mfugaji ajue hivyo anapowanunua.

Joto huondolewa polepole, mchana kwanza na usiku baadaye. Kware huwa na manyoya ya kutosha katika wiki ya 3, kuku katika ya 4 au 5, na Julai ni busara kuongeza wiki moja kwa wote. Kware jike huanza kutaga wiki ya 6 au 7, zaidi alasiri na jioni, wakati kuku wengi hutaga asubuhi. Kwa hiyo mayai ya kware huokotwa usiku yasikutane na joto la bati la kesho. Ya kuangua yatoke kwa dume 1 aliyewekewa majike 2 au 3, na dume huyo atoke kwa mfugaji mwingine. Kuku huvumilia kuzaana ndugu kwa muda, lakini kware huonyesha madhara upesi: mayai yasiyoangulika huongezeka kizazi baada ya kizazi, na watafiti waliojaribu kuwazalisha kaka na dada mfululizo waliona koo nyingi zikikatika kufikia kizazi cha tatu.